Ya kale ni dhahabu? Tofauti kati ya picha za chumba cha giza na za printa ya wino

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, picha inayoenziwa kuliko zote ni ile iliyopigwa kabla ya picha za rangi kuenea. Aghalabu huwa ni ya babu aliyevaa suti ya kuazima, ya bi harusi aliyeketi mbele ya pazia la studio, au ya mtoto ambaye sasa ni mkuu wa ukoo. Ni nyeusi na nyeupe, pembe zake zimekunjamana, na mara nyingi nakala nyingine haipo.

Siku hizi jamaa wanapotaka kila mmoja awe na nakala yake, huipeleka picha hiyo dukani ili iskaniwe na kuchapishwa kwa printa ya wino. Baada ya dakika chache hukabidhiwa picha safi, isiyo na mikunjo, tena yenye weusi uliokolea kuliko ule wa picha asilia. Hapo ndipo kosa hufanyika. Ile ya zamani hutupwa sandukuni au hata jaani, kwa dhana kwamba mpya imeshika nafasi yake. Miaka michache baadaye, ile mpya iliyotundikwa ukutani huanza kufifia na kugeuka rangi, na ya zamani haipatikani tena.

Je, kati ya picha iliyosafishwa katika chumba cha giza na ile iliyotolewa na printa, ipi iliyo bora? Wapigapicha wamejadiliana kuhusu suala hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo wapo wasiosikilizana. Sababu moja ya mvutano huo ni kwamba maswali mawili yamefungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni ipi inayopendeza zaidi machoni. La pili ni ipi itakayodumu. Majibu yake hayafanani, na ni vyema kuyatenganisha.

Picha iliyo ndani ya karatasi

Karatasi ya chumba cha giza imepakwa utando mwembamba wa jelatini, ambayo ni aina ya gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Ndani ya utando huo mna chumvi za madini ya fedha, yale yale ambayo masonara huyatumia kutengenezea pete na vikuku. Chumvi hizi hubadilika zinapopigwa na mwanga.

Mchapishaji huiweka negativu katika mashine ya kukuzia picha, akawasha taa kwa sekunde kadhaa, na taswira ikaangukia karatasi iliyo chini. Kazi hii hufanywa penye mwangaza hafifu mwekundu, kwa kuwa karatasi hiyo haihisi wekundu. Kufikia hapo karatasi huwa bado nyeupe pepepe, ingawa tayari imebeba picha isiyoonekana kwa macho.

Kisha karatasi hutumbukizwa katika dawa ya kuibua picha. Pale mwanga ulipogusa, chumvi hugeuka kuwa fedha halisi. Kipande kikubwa cha fedha hung'aa, lakini fedha iliyo katika chembe ndogo mno huumeza mwanga, na ndiyo maana huonekana nyeusi. Baada ya dakika moja hadi tatu picha huwa imekamilika. Huhamishiwa katika maji yenye asidi kama ya siki ili kuisimamisha dawa ya kwanza, halafu katika dawa ya kuimarisha ambayo huyeyusha chumvi zote ambazo hazikupata mwanga. Uwezo huu wa kuyeyusha uligunduliwa na mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, mwaka wa 1819, na kuanzia mwaka wa 1839 ukawa nguzo ya upigaji picha.

Hatimaye picha huoshwa kwa maji safi yanayotiririka. Hatua hii huonekana nyepesi, lakini umri wa picha huamuliwa hapa kuliko kwingineko. Karatasi yenye utando wa plastiki huhitaji dakika chache tu. Ile ya nyuzi tupu, ambayo ndiyo inayopendelewa kwa maonyesho na kumbukumbu, yaweza kuhitaji nusu saa au zaidi, kwa sababu dawa hupenya ndani ya nyuzi zake.

Picha iliyo juu ya karatasi

Printa ya wino haina haja ya mwanga wala dawa. Vitundu vyake vidogo hunyunyiza matone juu ya karatasi iliyopakwa utando wa kunyonya wino. Ukubwa wa tone hupimwa kwa pikolita, na pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Jicho haliwezi kuliona tone moja peke yake, hivyo matone elfu kwa elfu huungana machoni na kuwa kivuli laini.

Ugumu wa picha nyeusi na nyeupe hujitokeza papo hapo. Printa ya kawaida ina wino mweusi mmoja tu pamoja na wino wa rangi. Ili kupata kijivu, huchanganya rangi za buluu, waridi na manjano. Mchanganyiko ukizidi kidogo upande mmoja, uso wa mtu huwa na ukijani au uwekundu. Isitoshe, picha inayoonekana sawa karibu na dirisha yaweza kubadilika chini ya taa ya umeme, kwani kila wino huakisi kila aina ya mwanga kwa namna yake.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa kuongeza wino wa kijivu. Mnamo 2005, kampuni ya Epson ilileta sokoni mfumo wenye wino mweusi wa viwango vitatu, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Huko Marekani, mchapishaji Jon Cone alikuwa tayari ameunda wino wa kijivu wa viwango kadhaa unaotumiwa bila rangi yoyote. Printa za namna hii hutoa kijivu ambacho hata jicho zoefu hukikubali.

Jambo jingine ambalo mteja hana budi kulielewa ni kwamba kuna wino wa aina mbili. Upo ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa katika kiowevu, mithili ya chumvi katika maji. Upo pia ule wenye chembechembe za rangi zisizoyeyuka, mithili ya chokaa ya kupakia ukuta. Siku ya kwanza picha za wino hizi mbili huweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Tofauti yao huja kuonekana baadaye.

Nani mwenye weusi zaidi?

Kwa muda mrefu watetezi wa chumba cha giza walidai kwamba printa haiwezi kutoa weusi wa kweli. Dai hilo lilikuwa na ukweli zamani, lakini sasa limepitwa na wakati.

Wataalamu hupima weusi kwa kipimo ambacho 2.0 humaanisha kwamba karatasi inarudisha asilimia moja tu ya mwanga unaoiangukia. Picha ya fedha kwenye karatasi ya kung'aa hufikia 2.1 hivi. Printa bora za leo zenye wino wa chembechembe hukifikia kiwango hicho kwenye karatasi ya kung'aa, na wakati mwingine hukipita. Ila kwenye karatasi isiyong'aa hubaki karibu na 1.6 au 1.7, yaani asilimia mbili au zaidi ya mwanga hurudi, na weusi huonekana kama makaa yaliyopoa.

Hata hivyo, tarakimu hazielezi kila kitu. Katika picha ya fedha, taswira imezama ndani ya jelatini, hivyo uso wote wa karatasi hung'aa kwa usawa. Wino nao hukaa juu au karibu sana na uso wa karatasi. Ukiiinamisha picha ya printa kuelekea dirishani, huenda ukaona sehemu nyeusi ziking'aa kama shaba na sehemu nyeupe zikiwa zimepoa. Kasoro hii imepungua katika wino wa miaka ya karibuni, na ikiwa picha imewekwa nyuma ya kioo, wengi hawawezi kuitambua.

Mkono wa mchapishaji

Baadhi ya watu hufikiri kwamba mchapishaji wa chumba cha giza hupokea tu kilichomo katika negativu. Sivyo. Uso ukiwa na giza mno, huukinga kwa kiganja au kwa kipande cha kadibodi ili usipate mwanga mwingi. Mawingu yakiwa meupe mno, huyaongezea sekunde kadhaa. Negativu iliyopooza huchangamshwa kwa kichujio cha rangi ya majenta, na yenye ukali hulainishwa kwa kichujio cha manjano. Kwa kuwa mikono haifanyi kitu kimoja kwa namna ile ile mara mbili, hakuna nakala mbili zinazolingana barabara.

Katika kompyuta kazi ni ile ile, ila hufanywa mara moja na kuhifadhiwa. Nakala ya 50 hufanana na ya kwanza, na mikwaruzo ya negativu hufutwa kabla karatasi haijaguswa. Kwa upande mwingine, urahisi huo huwashawishi wengi kuzidisha. Ngozi ya bibi mwenye miaka 80 husuguliwa hadi ikawa laini kama ya mwanasesere, na hapo mjukuu hubaki na picha ya mtu ambaye hakupata kuwepo.

Mpigapicha mashuhuri wa Marekani, Ansel Adams, aliyefariki mwaka wa 1984, alikuwa amesomea piano katika ujana wake. Alikuwa akiifananisha negativu na maandishi ya mtunzi wa muziki, na picha iliyochapishwa na uchezaji wa muziki huo. Bingwa huyo wa chumba cha giza aliandika pia kwamba aliusubiri kwa hamu wakati wa picha za kielektroniki.

Barani Afrika upo mfano ulio wazi. Seydou Keïta alifungua studio mjini Bamako, Mali, mwaka wa 1948. Wateja wake walipewa picha ndogo, nyingi zikiwa za sentimita 13 kwa 18, ambazo negativu yake iliwekwa moja kwa moja juu ya karatasi bila kukuzwa. Katika miaka ya 1990, negativu hizo zilichapishwa upya kwa ajili ya maonyesho ya ng'ambo. Picha zikawa kubwa mno, na tofauti ya weusi na weupe ikawa kali kuliko ya zile zilizotoka studioni. Picha za nyakati zote mbili zilichapishwa kwa fedha, kutoka negativu zile zile, na bado sura yake ilibadilika. Hii ni thibitisho kwamba uzuri hauamuliwi na chombo pekee.

Umri wa picha

Kuhusu kudumu, picha ya fedha ina ushahidi ambao printa bado haijaupata, nao ni muda wenyewe. Zipo picha za karatasi ya jelatini zilizosafishwa mwishoni mwa karne ya 19 ambazo zinatazamika hadi leo. Hatuhitaji kukisia.

Umri wa picha za printa hukadiriwa katika maabara. Picha huwekwa chini ya mwanga mkali kwa miezi kadhaa, mabadiliko yakapimwa, kisha hesabu ikafanywa ya muda ambao ingechukua nyumbani. Taasisi ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani ndiyo iliyojulikana sana kwa kazi hii. Kwa vipimo hivyo, wino wa chembechembe kwenye karatasi nzuri iliyo nyuma ya kioo hukadiriwa kuishi zaidi ya miaka 100, na baadhi ya picha nyeusi na nyeupe zaidi ya 200. Ni habari njema, lakini ni makadirio. Printa za mezani zenye wino wa aina hiyo zilianza kupatikana kwa ajili ya picha mnamo 2000.

Mwaka huo huo ulitoa funzo kali. Printa mpya za wino wa kuyeyuka zilikuwa zimesifiwa kwa uwezo wa kudumu miaka mingi. Punde si punde, baadhi ya wanunuzi waliona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa baada ya wiki chache tu. Ilibainika kwamba gesi ya ozoni iliyomo hewani ndiyo iliyoula wino, ilhali vipimo vilikuwa vimeangalia mwanga zaidi kuliko hewa. Wino wa kuyeyuka umeboreshwa tangu wakati huo, lakini hadi leo ule wa bei nafuu ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kufifia.

Picha ya fedha nayo ina maadui. Isipooshwa vyema, mabaki ya dawa ya kuimarisha huigeuza kuwa ya manjano na hudhurungi. Moshi wa magari na mvuke wa rangi mbichi ya ukuta huidhuru pia, na kingo zake huweza kupata mng'ao kama wa kioo. Wachapishaji makini huitia picha katika dawa ya seleni, ambayo huikinga fedha dhidi ya gesi hizo.

Joto, maji na gharama

Katika ukanda wa pwani kuna adui wa ziada, yaani unyevu. Jelatini ni chakula cha kuvu, na hewa inapokuwa na unyevu mwingi, madoa huchipuka. Jelatini iliyolowa pia hunata kwenye kioo cha fremu kiasi kwamba kuibandua ni kuichana. Wino wa kuyeyuka ukipata unyevu husambaa na kuharibu mistari. Kwa aina zote mbili za picha, kioo kisiiguse karatasi. Ukanda wa kadibodi katikati yake hutosha.

Chumba cha giza chenyewe hakina masihara. Huhitaji maji mengi, na dawa zake aghalabu hutumiwa katika joto la nyuzi 20. Maji ya mfereji mjini Mombasa huwa na joto kuliko hilo, hivyo sharti yapoozwe au muda upunguzwe. Dawa ya kuimarisha iliyotumika hubeba fedha na haifai kumwagwa ovyo. Printa haitaki maji, lakini inataka umeme, na wino wake ni ghali. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino hukauka katika vitundu, na kuvizibua ni kumwaga wino mwingine.

Upatikanaji wa karatasi nao umepitia misukosuko. Kodak ilitangaza mwaka wa 2005 kwamba inaacha kutengeneza karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Mwaka huo huo AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika. Kampuni ya Ilford ya Uingereza, iliyokuwa imewekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka wa 2004, iliokolewa na mameneja wake wenyewe. Hadi leo inaendelea kutengeneza karatasi hiyo, sawa na Foma ya Jamhuri ya Cheki. Waliotabiri kifo cha chumba cha giza walifanya haraka, ingawa kwa sasa ni kazi ya wachache.

Ipo pia njia ya kati. Picha ya kompyuta yaweza kuchorwa kwa miale ya leza juu ya karatasi ya fedha, kisha ikasafishwa kwa dawa zile zile za kale. Hapo marekebisho hufanywa kwa kompyuta, na kinachobaki karatasini ni fedha.

Usitupe asilia

Thamani ya kuhifadhi asilia inadhihirishwa na kazi za Priya Ramrakha, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935 na kuuawa nchini Nigeria mwaka wa 1968 akifuatilia vita vya Biafra. Sehemu kubwa ya kazi zake ilikaa kwa miongo kadhaa katika gereji jijini Nairobi kabla ya kufufuliwa, na mnamo 2018 zikatolewa kitabu. Negativu ilimradi ipo, yaweza kuinuliwa mbele ya dirisha na mtu yeyote akaona kilichomo. Ni vigumu kuamini kwamba diski ya kompyuta ingeachwa mahali hapo kwa muda kama huo kisha ikafunguka.

Kwa hivyo, anayepeleka picha ya zamani dukani na aulize maswali matatu kabla ya kulipa. Je, wino wa printa hii ni wa chembechembe au wa kuyeyuka? Je, printa ina wino wa kijivu, au huchanganya rangi? Je, karatasi imetengenezwa kwa ajili ya wino huo? Mwenye duka asiyeweza kujibu anauza nakala ya kutazama leo, na bei yake iwe ya leo.

Picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa angalau nukta 600 kwa kila inchi. Kwa kiwango hicho yaweza kuchapishwa ikiwa na upana na urefu maradufu bila kupoteza ukali, kwa kuwa nukta 300 hutosha karatasini. Mteja adai faili hiyo na kuihifadhi mahali zaidi ya pamoja.

Nakala ya printa ndiyo itundikwe ukutani, ipate jua na vumbi, kwa sababu ikififia yaweza kuchapishwa nyingine. Picha ya fedha nayo irudishwe nyumbani, itiwe katika bahasha safi ya karatasi bila gundi wala utepe, na iwekwe pakavu, mbali na mwanga. Ikiwa negativu yake ingalipo, iwekwe katika bahasha yake pekee, na jina la aliyepigwa picha na mwaka viandikwe kwa penseli juu ya bahasha hiyo kabla wanaoyajua hawajatuacha.